Wekundu Uliobaki Chini ya Bawa la Shorobo

Shusha mkono, baba! Shusha upesi! Wewe mwenye kofia ya buluu, ndiyo, wewe. Umemwona ndege umefurahi, na mimi nimefurahi kuliko wewe, moyo unanidunda hapa, lakini katika msitu huu wa Ngweshi ndege hanyooshewi kidole. Niliwaambia pale getini, wote mkaitikia vizuri kabisa. Sasa mbona mikono imepanda kama mko darasani? Haya, ameshajificha. Hajaenda mbali. Kaeni hapo kwenye magogo, hizo darubini ziwekeni mapajani, na mifuko inayochakarisha iacheni kwanza. Mimi Mama Togolani nimetembeza wageni humu tangu Togolani mwenyewe nikimbeba mgongoni, na kisa hiki sijawahi kukichoka.

Basi ulikuwapo wakati ambapo shorobo, ndege huyuhuyu mliyemnyooshea mikono, alikuwa mwekundu mwili mzima. Si wekundu wa kubahatisha. Mwekundu kuanzia kishungi mpaka ncha ya mkia, mgongo mwekundu, kifua chekundu, akikaa mtini unamwona toka ng'ambo ya bonde. Na watu wa milima hii walimpenda, jamani, walimpenda! Kila mwaka, palizi ikiisha na mvua zikitulia, walikuwa na siku yao ya kuamkia ndege. Walipanda msituni na viazi vya kuchoma kwenye vikapu, watoto kwa wazee, wakatembea taratibu wakitazama juu. Hawakuja kuwinda. Walikuja kama mlivyokuja ninyi leo, kutembea na kutazama, basi.

Siku hiyo ilikuwa pia siku ya wakwe. Ukioa au ukiolewa, mwaka huohuo ulimleta mkweo msituni umwonyeshe ndege, na heshima yenyewe ilikuwa kuonyesha kwa mkono mzima ulionyooka, huku ukipaza sauti: "Yule pale!" Kuonyesha kwa mkono nusunusu ilikuwa aibu. Na kumwonyesha mkwe kitu kwa kidevu, lo! Hiyo ilikuwa dharau ya kukurudisha kwenu na vyombo vyako.

Sasa, kumbe alikuwapo mwingine aliyeipenda siku ile. Kipanga. Zamani hizo Kipanga hakuwa na subira ya kutafuta. Aliketi juu ya jabali lile mnaloliona kule, akasubiri watu wapande. Mikono ikinyooka, yeye anafuata inakoelekea. Ndege mzima mwenye mabawa aliweza kukimbia. Kinda kiotani angekimbilia wapi? Watu walishuka mlimani wakiimba, na nyuma yao kiota kimebaki kitupu, na hakuna aliyejua.

Mwaka ninaousimulia, alikuwapo bibi arusi mmoja aitwaye Nakunda. Huyu alikuwa na macho! Tangu utotoni yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona, wa kwanza kunyoosha mkono, na watu wote wakamfuata. Siku hiyo alikuja na mama mkwe wake, mama mtu mzima kutoka kule tambarare, mikono imejaa bangili za shaba, macho yameanza kufifia. Mama huyu hakuwahi kumwona shorobo maishani mwake. Njia nzima alikuwa akisema, "Mwanangu, nikimwona huyo ndege wenu nitarudi nyumbani nimeshiba." Mnaweza kufikiri Nakunda alivyokuwa. Alitembea mbele kama anakanyaga makaa, shingo juu, roho juu, hataki ndege huyo aonekane na mtu mwingine kabla yake.

Lakini mashorobo mwaka huo hawakuonekana. Watu wakapita kijito, wakapita mianzi, kimya. Wengine wakaanza kula viazi. Na ndege walikuwa na sababu ya kujificha. Mama Shorobo alikuwa ameshanyang'anywa makinda mwaka juzi, akanyang'anywa na mwaka jana, na sasa alikuwa na kinda mmoja tu, bado hana manyoya. Kiota alikuwa amekishusha chini kabisa, kwenye kichaka, kimo cha bega la mtu, akamfunika mwanawe kwa mabawa yote mawili, akatulia. Lakini mwekundu atatulia vipi kwenye majani mabichi?

Nakunda akamwona. Wee! Furaha ilimpanda mpaka akasahau alipo. Akanyoosha mkono mzima, akapiga ukelele: "Yule pale! Mama, yule pale!" Watu wakaacha viazi, wakaja mbio, kila mmoja akinyoosha mkono, mikono kibao, yote imeelekea kichaka kimoja. Na pale pale kivuli kikapita juu ya vichwa vyao.

Mama Shorobo hakuruka. Alimtazama Nakunda usoni, akasema kwa sauti ndogo, "Mwaka jana ulininyooshea hivyohivyo, binti, na mwaka juzi. Na kila ukininyooshea, yule anakuja. Huyu ndiye aliyebaki."

Nakunda akatazama juu, akamwona Kipanga anazunguka, akatazama mkono wake mwenyewe, bado umenyooka. Akaushusha kama uliochomwa moto. Miaka yote hiyo alikuwa akishangiliwa kwa macho yake makali, kumbe alikuwa akimwandalia Kipanga meza! Alitaka kulia, lakini kulia kungemsaidia nini yule kinda?

Akaanza kuchuma majani. Alichuma ovyo, laini na magumu, akayatia na matunda meusi ya porini yaliyokuwa karibu, akayaponda kwenye jiwe kwa viganja vyake mpaka yakatoka maji mazito ya kijani yenye ubuluu. Kipanga alikuwa ameshuka mzunguko wa kwanza, sasa anatafuta pembe nzuri ya kuingilia.

Na wakati huohuo mama mkwe, ambaye kwa macho yake yale alikuwa hajaona chochote, akamshika bega. "Mwanangu, watu wote wameona isipokuwa mimi. Yuko wapi huyo ndege?"

Nakunda afanye nini? Mikono imejaa rangi. Kupiga kelele hathubutu. Kumnyamazia mkwe ni vibaya, kumkwepa ni vibaya zaidi, na sekunde zinakwenda. Basi akamgeukia mkwewe, mbele ya ukoo mzima, akainua kidevu. Hivi. Akakielekeza kichakani.

Jamani! Watu waliguna. Mama mmoja akaziba mdomo. Shemeji yake akasema, "Ala! Unamwonyesha mama kwa kidevu?" Nakunda alisikia, masikio yakamwaka moto, lakini hakugeuka. Alijua ndoa yake inaweza kuwa imeishia pale, na bado mikono yake iliendelea kuponda.

Mama mkwe yeye alifuata kidevu kile, akainama, akakodoa macho, na kwa kuwa alikuwa karibu, akaona. Aliona ndege mwekundu, na chini ya bawa akaona kichwa kidogo cha kipara kinachungulia. Akaona mikono ya mkwewe imejaa majani. Akatazama juu, akaona kivuli kinafuata mikono ya watu. Yule mama alikuwa amezaa na alikuwa amezika, hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Akageuka akakipa kichaka mgongo. Akanyoosha mkono wake mzima, bangili zikalia zote kwa pamoja, akauelekeza ng'ambo ya njia, kwenye mti mkavu uliozingirwa na miiba, usio na ndege hata mmoja. "Yule!" akapiga kelele. "Yule kule! Mwekundu! Hamwoni? Nyoosheni mikono!" Na nani angembishia mama mtu mzima, mkwe, siku ya wakwe? Watu wakageuka wote, wakanyoosha mikono kwenye mti mtupu, wengine wakiapa kwamba wanamwona kabisa.

Kipanga akafuata mikono, kama alivyozoea. Akafunga mabawa, akaja kasi, akajitupa kwenye ile miiba. Mlio aliotoa! Ilimchukua muda kujinasua, manyoya yamebaki huku, mengine kule.

"Haraka," Nakunda akamwambia Mama Shorobo, "nikupake kabla hajatoka." Akampaka mgongo, akampaka kichwa na kishungi, akampaka kifua, na mkiani ukaenda mchuzi mzito wenye ubuluu mwingi. "Fumba macho nipake uso."

"Sifumbi," akasema Mama Shorobo. "Nikifumba, nani atatazama juu?"

Nakunda akapaka akizunguka macho, pembeni pakabaki duara jekundu. "Basi inua mabawa nipake kwa ndani."

"Siinui."

"Mama, chini kote ni kwekundu!"

"Niue ukitaka," akasema Mama Shorobo, "lakini bawa hili siliinui. Mwanangu yuko hapa."

Hapo ndipo mume wa Mama Shorobo aliporudi na tunda mdomoni, akaona mambo, akalitupa tunda, akajibana kiotani akamfunika mtoto kwa upande wa pili. Naye akapakwa hivyohivyo, mabawa yamebana, macho wazi. Nakunda akarudi nyuma, akaipangusa mikono kwenye kanga yake mpya ya arusi.

Kipanga akatoka kwenye miiba ana hasira. Akapita juu ya kichaka, chini kabisa, upepo wa mabawa yake ukatikisa matawi. Hakuna aliyepumua. Wala mkono haukuinuka. Akapita tena. Akaona majani, majani, majani. Kinda akatikisika chini ya mabawa, mama akambana kidogo zaidi. Kipanga akapanda juu, akaenda zake na njaa yake.

Shemeji akamtazama mama mkwe, akingoja Nakunda afukuzwe. Mama mkwe akavua bangili zake za mkono mmoja, akamvisha Nakunda kwenye ile mikono ya kijani. Halafu wale wa nyuma, waliochelewa, wakauliza, "Ndege mwenyewe yuko wapi?" Yule mama, mbele ya wote, akainua kidevu.

Na tangu siku hiyo, shorobo ni wa kijani, na mkiani ana ubuluu, na macho yake yana duara jekundu. Ndiyo maana hapendi kuruka ovyo, hukimbia juu ya matawi kama komba. Na tangu siku hiyo Kipanga hamwamini mtu. Anazunguka juu huko mwenyewe, anazunguka, anatafuta kwa macho yake. Na sisi wa Ngweshi, awe mkwe, awe mgeni, awe bwana mkubwa, ndege tunamwonyesha kwa kidevu, na hakuna anayeona kadharauliwa.

Sss! Tulieni. Mmesikia ule mkoromo? Amerudi, yuko karibu sana. Mungu wangu, hata leo mikono inanitoka jasho. Baba wa kofia, umemwona? Usiniambie. Nionyeshe. Eeeh, hivyohivyo, kidevu kizuri hicho! Kwenye mzeituni ule wa porini, tawi la chini, kijani kwenye kijani. Msiinue darubini bado, mngojeni aruke. Anajikunja... Huyooo!

Mmeuona ule wekundu chini ya mabawa? Hapo ndipo mtoto alipokuwa amelala.