Upupu wa Kocha Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakienda chuo na madaftari kwapani, Chuo cha Bondeni kilipata kocha mpya wa mpira wa kikapu. Ndiye Nguchiro, mfupi huyo, mwenye maneno mengi.

Wachezaji wake walikuwa mapande ya wanyama: Tembo, Twiga, Kiboko, Nyati na Pundamilia. Kwa miili ile ungedhani watashinda kila siku. Thubutu! Walicheza mechi tisa, wakafungwa zote tisa.

"Nipe mpira!" Nyati alifoka.

"Nikupe wewe? Mama yangu kaja kuniona mimi nikifunga!" Twiga akajibu. Mara, pwa! Mpira ukapokonywa.

Mkuu wa chuo, Bibi Kobe, akamwita kocha. "Mwanangu, Jumamosi mkifungwa tena, funga virago."

Nguchiro aliumia sana. Wanawe ndiyo kwanza walikuwa wameanza kuzoea shule ya pale.

Jumamosi akaja na mpira uliopakwa unga mweupe.

"Jamani, huu ni upupu! Ukiushika kidogo, salama. Ukiushika mpaka hesabu ya tatu, utajikuna mpaka Idi."

"Lo!" Kiboko akaruka nyuma. "Na Ngedere tunaocheza nao je?"

"Ngedere wamekaa na kitu mkononi lini?"

Filimbi ikalia, priii! Tembo kwa Twiga, Twiga kwa Nyati, Nyati kwa Pundamilia, pa, pa, pa! Kila mmoja aliutupa kama kaa la moto. Chwaa, kikapuni! Ngedere wakabaki kukodoa macho. Bondeni wakashinda kwa pointi mbili.

Mechi ilipokwisha, wote wakakimbilia bombani kunawa. Tembo peke yake hakwenda.

"Kocha, huu ni unga wa muhogo."

Nguchiro akagwaya. "Umejua lini?"

"Tangu ulipoingia nao. Pua hii yote ni pambo?"

"Sasa mbona ulikuwa unatoa pasi mbio mbio?"

Tembo akainamisha mkonga. "Nilitamani kutoa tangu mechi ya kwanza, Kocha. Niliogopa kuanza mimi, wenzangu wakaniona mjinga."

Nguchiro alikuwa amedhani kawadanganya wote. Mechi tisa hakuwahi kumuuliza Tembo neno. Akampa mkono, naye unga ukamshika viganjani.

Basi wanangu, anayeanza kutoa si mjinga, ila kumpata ndiyo kazi.