Picha ya Nyonga ya Mama

Methali isemayo simba mwenda pole ndiye mla nyama haimsifu mvivu. Humsifu anayepima hatua zake ili afike.

Fundi wa kompyuta wa zahanati alikuwa hodari, ila mikono yake ilitangulia kichwa. Asubuhi moja mama yake mzazi aliteleza bafuni, akaumia nyonga, akaletwa zahanati kwa machela. Daktari wa mifupa, aliyekuwa hospitali kuu mbali mno, alitaka picha ya mfupa kabla ya saa sita mchana, kwani baada ya hapo angeingia kupasua wagonjwa hadi usiku. Bila picha hiyo, hakuna aliyejua kama mama abebwe garini kwenye barabara ile ya mashimo au alazwe palepale. Kumbeba kwa kubahatisha kungeweza kumvunja zaidi.

Picha ilipigwa palepale, ikaingizwa kwenye kompyuta. Ya kuipeleka ilikuwapo modemu, kijisanduku kinachopeleka habari kwa waya wa simu. Fundi aliiwekea kasi ya juu kabisa, tena akaiamuru kompyuta ipuuze ishara ambayo modemu hutoa ikitaka ingojwe kidogo. "Kungoja ni kupoteza muda," alizoea kusema. Na kweli, alipoandikiana na daktari, maneno yalipita kama maji mferejini. Lakini picha ilikatika njiani. Akarudia, ikakatika. Mara ya tatu jasho likamtiririka, na saa tano ilikuwa inakaribia.

"Wifi, utaivunja meza kwa ngumi," alisema nesi, mke wa kaka yake, aliyekuwa akimnywesha mama chai kwa kijiko.

"Laini ya simu mbovu!"

"Si hiyohiyo uliyopigia soga na daktari tangu asubuhi?"

Mama aliinua kiganja. Nesi akasimamisha kijiko, akamfuta kidevu, akangoja. Mama alipomeza na kushusha mkono, kijiko kikaendelea.

"Mkamwana wangu ana subira," mama alisema. "Ingekuwa huyu niliyemzaa, ningeshapaliwa."

Fundi alicheka, kisha akakitazama kile kijiko, akang'amua kosa lake. Maneno aliyachapa mojamoja, na modemu iliyameza bila taabu. Picha ilimiminwa kwa mkupuo. Modemu ikajaa, ikaomba ingojwe, na kompyuta, kwa amri ya fundi mwenyewe, haikusikia. Kilichomwagika ndicho kilichoikata picha.

Akafuta amri ile, akaituma picha upya. Picha ikaenda, ikasita, ikaenda. Fundi akataka kuigusa kompyuta tena.

"Kaa, wifi," nesi akamvutia kiti, akamkabidhi kikombe chake mwenyewe. "Ukiikodolea macho haitakimbia."

Saa tano na nusu picha ikafika nzima. Punde daktari akaandika: "Ni ufa mdogo. Msimsafirishe. Alale tu, nitakuja Jumatatu."

Fundi alimwinamia mama. "Nisamehe. Kwa mbio zangu nilikuchelewesha."

"Si umefika, mwanangu?" mama alijibu, akimpapasa shavu.

Hakika, simba mwenda pole ndiye mla nyama.