Siku Maziwa Yalipokwama Getini

Kisa hiki kisome taratibu mpaka chini. Ukikimaliza, mtumie bosi wako, kama ubavu huo unao.

Palikuwa na meneja mmoja wa ushirika wa wafugaji, kule milima ya kusini ambako ukungu hauondoki mpaka jua lipate nguvu. Jina lake Mwakabenga. Alikuwa mchapakazi, hana makuu, na mali ya wanachama hakuigusa hata siku moja. Tatizo lake lilikuwa moja tu: aliamini kwamba yeye asipokuwepo, hakuna kitakachokwenda.

Kila alfajiri wafugaji walileta maziwa pale ushirikani. Yalipimwa, yakamiminwa kwenye madumu makubwa, kisha magari yakayapeleka kiwandani mjini. Madumu yale hayakuwa na barafu. Gari likichelewa kutoka na jua likashika bati, maziwa yalikatika njiani, na kiwanda kiliyarudisha yalikotoka bila kubembeleza mtu.

Mwaka huo kiwanda kilitaka kusaini mkataba wa kununua maziwa yote ya ushirika, masika na kiangazi. Kwa wafugaji lilikuwa jambo la kushukuru Mungu, maana kila masika maziwa yalipofurika waliishia kuwapa nguruwe. Mwenye kiwanda, mama mmoja aitwaye Bi. Salhina, alitoa sharti.

"Nataka maziwa yanifikie yakiwa mazima, na nataka kujua kila gari limetoka saa ngapi," alisema. "Wekeni mfumo wa kompyuta. Nitakuja kuuona ukifanya kazi, na nitasaini hapo hapo."

Ndipo akaitwa Nakijwa, binti anayetengeneza mifumo ya ofisi. Alifika na kompyuta yake mgongoni, akaomba kukutana na wafanyakazi.

Kikao kikaitishwa. Mwakabenga alikaa mbele, akiwatazama watu wake, kama ilivyokuwa desturi ya pale. Mkubwa anaketi mbele, anajibu kwanza, na wengine wanafuata nyuma yake.

"Gari likishapakiwa, nini kinafuata?" Nakijwa aliuliza.

"Linasubiri idhini yangu," meneja akajibu. "Hakuna gari linalotoka hapa bila mimi kuidhinisha. Si ndivyo jamani?"

"Ndivyo, mzee!" wakaitikia wote.

"Na usipokuwepo?"

Mama Tumpe, msimamizi wa magari, alifungua mdomo. Akamwona meneja anamtazama, akajifanya anakohoa.

"Mimi nipo daima," Mwakabenga alisema. "Andika hivyo."

Nakijwa aliwageukia wale wengine. "Ndugu zangu, kwa kweli kazi inakwenda hivyo kila siku?"

"Kama alivyosema meneja, dada."

Akaandika. Lakini kikao kilipokwisha alibaki nyuma, akamwomba meneja mambo mawili. La kwanza, aruhusiwe kuzungumza na wafanyakazi peke yake, hata kwa kunywa nao chai tu. La pili, mfumo uanze kidogo kidogo, kwa gari moja, huku mengine yakiendelea kutoka kama zamani mpaka waone umekaa sawa.

Mwakabenga alicheka. "Binti yangu, watu wangu hawana siri na mimi. Na mambo ya nusu nusu siyawezi. Mgeni anakuja kuona kitu kipya, nami nitamwonyesha kipya kitupu."

Kweli akafanya hivyo. Daftari za zamani zikafungiwa stoo. Likanunuliwa geti la umeme, la kufunguka kwa amri ya kompyuta peke yake. Lilikuwa na kishikio cha kulifungua kwa mkono, lakini mlinzi aliambiwa waziwazi: siku utakayokigusa kile kishikio, ndiyo siku utakayorudi kwenu kulima.

Siku ya uzinduzi ikafika. Turubai zilifungwa uwanjani, upande wa pili wa jengo la ofisi, mbali na geti. Wanachama walijaa, akina mama wamejifunga vitenge vya sare. Bi. Salhina aliketi meza kuu na mkoba wake magotini, na ndani ya mkoba ule ulikuwamo mkataba. Mwakabenga alikuwa ameuona ukichungulia. Tangu hapo macho yake hayakutoka kwenye ule mkoba.

Akasimama kukaribisha. "Ndugu wanachama, kwa heshima ya mgeni wetu, tunazima simu. Sitaki kusikia mlio wa mtu. Naanza mimi mwenyewe." Akainua simu yake juu watu waione, akaizima, akaitia mfukoni. Wakampigia makofi.

Kwaya ikaimba. Katikati ya wimbo wa pili, Mama Tumpe akaja akiinama inama nyuma ya viti, mpaka sikioni mwa meneja.

"Mzee, magari hayatoki. Mfumo una..."

"Nenda kamwambie yule binti autengeneze," Mwakabenga alinong'ona bila kugeuka.

"Ndiyo mzee, lakini..."

"Mama Tumpe. Mgeni anatutazama."

Mama Tumpe akaondoka. Mwakabenga alitabasamu kuelekea kwa mgeni. Aliangalia nje ya turubai. Ukungu ulikuwa umekwisha, na kivuli cha mlingoti wa bendera kilikuwa kinafupika.

Wimbo wa tatu ulipoanza, akaja mlinzi wa geti. Huyu hakuinama. Alitembea haraka kama mtu aliyeona moto. "Mzee, magari yote yamepangana pale. Madereva wananipigia kelele. Nifungue kwa mkono?"

Meneja akamtolea macho. "Mbele ya mgeni? Unataka aseme mfumo wetu umeshindwa siku ya kwanza? Rudi zamu yako."

Mara hii alimwona Nakijwa mwenyewe. Binti alikuwa amesimama pembeni ya turubai, anapunga mkono, na vijana wa itifaki wamemzuia. Mwakabenga akawaonyesha ishara ya kiganja: asipite mtu. Moyoni alikuwa ameshaanza kumlaani. Binti wa watu kaja na maneno matamu, leo kamletea kitu kibovu. Au pengine kuna mtu ameuchezea huo mfumo makusudi, mmoja wa wafanyakazi wake. Akaanza kuwapitia kwa macho mmoja mmoja, wale wale watu wake wasio na siri naye.

Bi. Salhina aliinama upande wake. "Meneja, naona jua limepanda. Magari yangu yameshatoka?"

Hapo ndipo angeweza kujiokoa. Angesema, mama, kuna shida kidogo, niruhusu nikaangalie. Dakika chache zingetosha, na maziwa yangefika.

"Yametoka zamani, mama," Mwakabenga alijibu. "Sasa hivi yako karibu na mjini."

"Ahsante. Basi hotuba zisubiri kidogo. Twende kwanza nikaone kwenye kompyuta yametoka saa ngapi."

Mgeni akishasimama, nani atamkalisha? Wanachama wote wakasimama nyuma yake. Mwakabenga alitembea mbele ya msafara huo na shati limemganda mgongoni. Walipozunguka kona ya jengo, kila kitu kikawa wazi.

Geti lilikuwa limefungwa. Magari yalikuwa yamepangana nyuma yake, injini zimezimwa, jua linamulika madumu. Madereva walikuwa wamekata majani ya migomba na kuyafunika yale madumu, na mmoja wao alikuwa anayamwagia maji kwa kopo. Harufu ya maziwa yanayoanza kukatika kila mfugaji anaijua. Akina mama wakashika vichwa.

Bi. Salhina alimtazama Mwakabenga tu, na hilo lilikuwa baya kuliko kutukanwa.

"Nakijwa!" meneja alipaza sauti mpaka ndege wakaruka juu ya bati. "Umetuua! Tumekuamini, umetuletea takataka! Watu hawa wameamka gizani kukamua, halafu wewe... Fungasha vitu vyako, uondoke mbele ya macho yangu!"

Nakijwa alikuja mbio kutoka kule turubaini, anahema. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti haikutetemeka.

"Mfumo haujaharibika, meneja."

"Haujaharibika? Geti limefungwa!"

"Unafanya kazi vilevile ulivyoagizwa. Unasubiri."

"Unasubiri nini?" Bi. Salhina aliuliza.

Nakijwa hakumjibu yeye. Alimtazama Mwakabenga, akasema polepole, kama mtu anayemwambia mzazi wake habari mbaya. "Unasubiri idhini yako, mzee. Ombi la kila gari limeletwa kwenye simu yako tangu asubuhi. Naomba uiwashe."

Mkono wa Mwakabenga ulikwenda mfukoni wenyewe. Akaitoa simu. Wote walikuwa wamemwona akiizima, na walikuwa wamempigia makofi. Ilipowaka ilianza kutetemeka, ikatetemeka bila kupumzika: gari linaomba idhini, gari linaomba idhini, gari linaomba idhini.

Akabonyeza. Geti likafunguka taratibu, kwa adabu kabisa. Madereva wakarukia magari, wakaondoka kwa vumbi. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Lakini Bi. Salhina alikuwa bado na swali.

"Meneja, mwezi wa kwanza ulilazwa hospitali. Nilikuja kukuona, hata kuongea ulikuwa huwezi. Na maziwa yalinifikia kila siku, mapema. Nani alikuwa anaidhinisha?"

Siku zile kitandani Mwakabenga alikuwa akijisifu moyoni kwamba amewafundisha watu wake vizuri. Hakuwahi kujiuliza swali hilo. Aligeuka kumtafuta Mama Tumpe. Mama Tumpe alikuwa anatazama ardhi.

"Mama Tumpe?"

"Mzee, utanisamehe," alisema kwa sauti ndogo. "Siyo wakati ule tu. Ukiwa kikaoni, ukiwa safarini, ukiwa umelala, huwa naangalia mzigo na dereva, nasema 'nendeni.' Jioni unakuta karatasi mezani unasaini. Ni miaka mingi sasa. Wote tunajua."

"Na siku ya kikao kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa umekaa mbele, mzee."

Maneno hayo yalimwingia Mwakabenga mpaka kwenye mfupa. Hakukuwa na aliyeuchezea mfumo. Kwa miaka yote ile watu wake walikuwa wakiiokoa kazi mikononi mwake kimyakimya, kwa kumheshimu na kwa kumwogopa, na siku alipoingiza neno lake kwenye kompyuta, kompyuta haikujua kumwogopa wala kumficha. Ilimtii.

Sehemu kubwa ya maziwa ilirudishwa siku hiyo. Mwakabenga alisimama getini mwenyewe kuyapokea, akamwomba radhi kila mwanachama aliyekuja kuchukua yake. Wapo waliomjibu, wapo waliopita kama hawamwoni. Bi. Salhina alikuwa ameshaondoka na mkoba wake, mkataba ukiwa ndani.

"Nitarudi," alimwambia akiwa anapanda gari, "siku nitakayosikia kwamba geti lako linafunguka hata ukiwa umelala."

Asubuhi iliyofuata kikao kiliitishwa tena, chumba kile kile. Nakijwa, ambaye aliombwa radhi mbele ya wote, aliketi na kompyuta yake. Mwakabenga aliingia, akakitazama kile kiti cha mbele, hakukikalia.

"Dada huyu atawauliza kazi inakwendaje," alisema. "Mwambieni inavyokwenda. Siyo nilivyosema mimi." Kisha akatoka, akavuta mlango nyuma yake, akakaa kwenye benchi la nje, kwenye baridi.

Kwanza hakusikia kitu. Baadaye akasikia sauti ya Mama Tumpe, halafu ya mlinzi, halafu zote kwa pamoja. Akasikia jina lake likitajwa, kikafuata kicheko kikubwa. Aliinuka nusu. Akakaa tena. Walizungumza mpaka chai aliyoagiza wapelekewe ikapoa bila kuguswa.

Mfumo ukajengwa upya. Ulianza kwa gari moja, kila kasoro ikasemwa hadharani na kurekebishwa, kisha likaongezwa gari jingine, mpaka yote yakaingia.

Bi. Salhina alirudi bila kutoa taarifa. Alimkuta Mwakabenga zizini kwa mfugaji mmoja, mbali na ofisi, simu ameiacha mezani kule ofisini. Wakarudi pamoja, wakasimama kando ya barabara. Mama Tumpe alikagua mzigo, akabonyeza, geti likafunguka, magari yakatoka moja baada ya jingine. Hakuna hata mtu mmoja aliyegeuka kumtafuta meneja.

Ilimuuma kidogo, tuseme ukweli. Halafu akamsikia Bi. Salhina nyuma yake anafungua mkoba.

"Una kalamu, meneja?"

Funzo: Kabla hujajenga mfumo wa kazi, hakikisha wanaoifanya hiyo kazi wanaweza kukuambia ukweli bila kukuogopa, la sivyo mashine itakutii wewe neno kwa neno, na kazi itakufa ikisubiri idhini yako.