Viti Sita vya Marehemu Shebughe

Rangi ya kiti haibebi mgeni. Mmeisikia methali hii ikisemwa barazani leo, nanyi mmeniuliza imetoka wapi. Haikutoka mbali. Ilianza huku huku milimani Usambara, kwa mjane mmoja aliyeitwa Hoza, alipoletewa habari kwamba Jumamosi wazee wa kijana Saguti watakuja kumposa binti yake, Zubeda.

Nyumba ya Hoza ilikuwa ndogo, lakini bustani yake ilipendeza, na huko ndiko alikotaka kuwakaribisha wageni. Tatizo lilikuwa viti. Alikuwa na sita vya mvule, alivyovichonga marehemu mumewe, Shebughe. Kwa miaka minne vilinyeshewa mvua na kuchomwa na jua, vikageuka kijivu na kuota kuvu miguuni. Kila alipovitazama aliona umaskini tu. Akamwita jirani yake, Mzee Singano, akamwambia, "Vichukue, ukakokee moto."

Kisha akateremka sokoni. Fundi wa kwanza alikuwa na viti vizito visivyopakwa rangi. Alimshauri avipindue, atazame viungo, kisha avikalie. Hoza hakukaa. Macho yake yalikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye viti vyeupe vilivyong'aa kama sahani mpya. Akanunua sita.

Ijumaa asubuhi akachukua ndoo, sabuni na brashi, aviondolee vumbi la safari. Kwenye mguu wa kiti cha pili, rangi ilibanduka kama ganda la yai. Chini yake mbao ilikuwa imeliwa na bungua, matundu yamezibwa kwa vumbi la mbao na gundi, na sasa maji yamelainisha kila kitu. Akaukandamiza kwa kiganja, mguu ukakatika. Cha tatu kikawa vivyo hivyo.

Akaketi kwenye majani, brashi mkononi. Baba yake Saguti, Mzee Mbelwa, alitembea kwa mkongojo tangu alipovunjika nyonga. Akianguka mbele ya ukoo wake, nani atazungumza habari za posa tena? Hoza alijua la kufanya, ila aliona aibu.

"Mzee wangu," alisema mlangoni kwa Singano, "vile viti umeshavichoma?"

Singano akajibu: "Viwili, Mama Zubeda. Nilivipasua kwa shoka, mkono ukaniuma siku nzima. Nikasema, mbao inayokataa shoka namna hii si kuni. Vinne nikaviweka."

"Nilivitupa mbele ya macho yako. Leo nakuja kuviomba."

"Hukuvitupa, ulinipa. Nami nakupa. Mwite binti tuvibebe."

Mchana kutwa mama na binti waliviosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, wakifuata mkondo wa mbao, kisha wakavisugua kwa majani ya msasa. Ukijivu ukatoka, mvule ukaonekana tena, wa rangi ya asali. Hoza akamsimulia Zubeda jinsi baba yake alivyokuwa akikaa na kujitikisa kwenye kila kiti kabla ya kumruhusu mtoto akikalie. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kumtaja mumewe bila kulia.

Jumamosi wazee wanne walikalia viti, wengine wakaketi mkekani pamoja na Hoza. Mzee Mbelwa alijishusha taratibu, akishikilia mkono wa kiti. Kiti hakikutoa hata mlio.

"Dada," akauliza, "umevipata wapi? Mimi siku hizi kila kiti nakiogopa."

Hoza angeweza kutabasamu tu. Badala yake alieleza yote: kuni za jirani, viti vyeupe, na vipande vilivyolala nyuma ya nyumba. Zubeda aliinamisha uso.

"Ungenyamaza, nisingejua," alisema Mzee Mbelwa.

"Ungenisifu kwa uongo, kaka. Na mwanao ndiye angekuja kuujua, akishaoa."

Mzee alipapasa mbao kwa kidole gumba. Kisha akamgeukia Saguti aliyekuwa mkekani.

"Nyumba hii ndiyo tuliyokuwa tukiitafuta. Sasa nawe usije hapa na maneno matamu matupu. Umeyasikia ya mkweo: rangi ya kiti haibebi mgeni."