Pete ya Bi Fisi

Mwaka ambao jua lilikausha hadi matope, wanyama wote walikunywa katika shimo moja, alilolichimba Binti Tembo kwenye mchanga wa mto. Kila asubuhi alilikanyaga kwa miguu yake minene mpaka maji yakapanda. Hakuna aliyemshukuru, ila wote walikunywa.

Mwaka huohuo mabinti walikosa kungwi wa kuwafunda, na Bi Fisi akajitolea. Ulafi wake ulijulikana, lakini alikuja na khanga mbili safi, akaaminiwa. Wanyama nao hawasikii.

Siku ya kwanza alileta pete ya ubugu, ule mmea mtambaazi wa mwituni, akasema binti mzuri ni yule anayepita humo. Asiyepita aache kula, chakula chake amletee kungwi amtunzie. Binti Twiga alipitisha shingo, akakwama mabegani. Binti Kiboko alikwama puani. Sungura alipita bila kugusa, lakini akaambiwa masikio yamezidi, alete karanga zake. Binti Tembo alipitisha mkonga tu, tena kwa kusukumwa.

"Miguu hiyo, mwanangu," Bi Fisi akamwambia kwa huruma, "nani atakuoa nayo?"

Binti Tembo aliona aibu, akaacha kula. Bi Fisi akayatunza maboga, mihogo na karanga tumboni mwake. Hata nyasi kavu, ambazo hazipendi, alizila kwa kuwa ni za bure.

Siku ya tano Binti Tembo alifika mtoni, akashindwa kulikanyaga shimo kwa njaa, akaketi akalia. Shimo likakauka, na watoto wakaanza kulilia maji.

Sungura, ambaye karanga zake zilikuwa bado zinamuuma, aliwaita mama wote uwanjani. Akapiga goti mbele ya Bi Fisi.

"Shikamoo, Somo. Kwa desturi yetu kungwi hutangulia, hata ngoma hucheza yeye kwanza. Tuonyeshe basi namna ya kupita."

Bi Fisi alisingizia mgongo, lakini mama walikwisha kupiga vigelegele. Akaingiza kichwa, akaingiza mabega, na hapo akanasa, mbele haendi, nyuma harudi. Akacheua boga. Akacheua karanga. Kila mama akatambua harufu ya jiko lake.

"Nikatieni pete," akalia, "tumbo linapasuka."

"Lipasuke," akasema Mama Kiboko. "Vilivyomo ni vyetu."

Ubugu ulikuwa mgumu, meno yote yalishindwa. Wakamgeukia Binti Tembo, naye akasema kwanza ale. Wakamletea vilivyobaki, akala taratibu, Bi Fisi akimtazama kwa uchungu wa kweli. Kisha akaweka mguu mmoja ukingoni mwa pete, ikakatika. Bi Fisi alikimbia bila khanga hata moja.

Binti Kiboko, aliyezoea kupimwa, akauliza kwa sauti ndogo kama sasa watengeneze pete kubwa zaidi.

"Ya nini?" akajibu Binti Tembo. "Nipe boga."