Ulimbo Uliokataa Kuachia

Isome taratibu hadi mwisho, kisha mpelekee na mwenzako.

Mbuzi wa bonde zima la Chinyika walikuwa wakingoja hukumu. Maradhi yalikwisha kuingia zizini, na amri ilikwisha kutoka: pasipopatikana kipimo cha kumtambua mbuzi mgonjwa, wachinjwe wote, wagonjwa na wazima.

Kazi ya kutengeneza kipimo hicho alikabidhiwa Dakta Yustina Lugusi wa maabara ya mifugo. Alihitaji kingamwili, yaani askari wa mwili wanaoyajua maradhi yale. Askari hao walikuwamo katika damu ya kondoo mmoja tu, jina lake Mpendu, naye alikwisha kufa. Ilibaki chupa moja.

Ili kuwatenga na vitu vingine vya damu, hutumika vichembe vyeupe vilivyoshindiliwa katika bomba la kioo. Vichembe hivyo ni kama ulimbo wa mtega ndege, ila ulimbo huu huchagua: hunasa kingamwili peke yake, vingine vyote hupita. Kisha humiminwa maji makali kama siki, nao ulimbo huachia.

Yustina akapitisha maji yote ya damu ya Mpendu. Akaosha. Akamimina maji makali.

Hakikutoka kitu.

"Ulimbo umekufa, Dakta," akasema msaidizi wake, Bwana Eliuteri Chibago. "Tuutupe, tukawaambie wenye mbuzi wanoe visu."

"Kanoe chako. Mimi sijamaliza."

Akayapima maji yaliyopita: askari hawamo. Akayapima ya kuoshea: hawamo.

"Basi hawakupotea," akasema. "Kama hawakutoka, wangali ndani. Eliuteri, maji makali uliyatengenezaje?"

Eliuteri akatazama chini. "Niliyapunguza ukali. Askari wakikaa katika ukali huharibika, na Mpendu mwingine hatuna. Niliwahurumia."

Yustina hakumkaripia, maana hofu hiyo hata yeye alikuwa nayo.

"Huruma yako ndiyo iliyowafunga. Tengeneza mengine, makali sawasawa. Mimi natia dawa ya kutuliza ukali katika chupa ya kupokelea. Wakidondoka tu, wapoe."

"Na wakifa?"

"Wakibaki humo wamekufa vilevile. Mimina, bwana!"

Eliuteri akamimina. Matone yakaanza kuangukia chupani. Yustina akachukua tone moja, akalitia katika rangi ya kupimia, ya hudhurungi, ambayo hugeuka buluu ikikutana na kingamwili. Ile hudhurungi ikageuka buluu, buluu iliyokolea.

Walikuwamo, wazima, tena wengi.

Kipimo kikapatikana. Mbuzi wagonjwa wakatengwa, na wale wazima, ambao ndio waliokuwa wengi, wakarudi malishoni wakilia kwa njaa.

"Sasa kile kisu nikifanyeje, Dakta?" akauliza Eliuteri.

"Kakatie vitunguu. Leo unapika wewe."

Funzo: Jambo linalotaka ukali usilifanyie upole wa woga; andaa kwanza kitulizo, kisha uwe mkali, na ukali wako uwe mfupi.