Nani Aliyemzaa Makame?

Sogeeni, nisikilizeni kwanza, hukumu mtatoa nyinyi.

Katika mji mmoja wa kale, mji wa ukuta wa mawe, waliishi watu watatu. Maalim Hamadi alijua maneno: hakuna kitabu kilichoingia mjini kisipite mikononi mwake. Bi Mize, mfinyanzi, alijua mikono: akiwa na udongo hadi viwikoni aliweza kukuamkia, kukutania na kukutukana bila kufungua kinywa. Na Mwanakheri, mjane, mama kijana, yeye hakujua lolote ila kutochoka.

Mwanawe, Makame, alizaliwa kiziwi. Nyumba ya watu wawili, sauti moja. Mwanakheri alimwimbia, akamsimulia, akamgombeza, akajijibu mwenyewe. Majirani walishaacha kuitikia hodi yake.

Na sheria ya mji ilikuwa hii: mtoto akitimiza miaka saba husimama mbele ya Kadhi akataja jina lake. Kitabu cha hekima kilisema mwanadamu ni mnyama asemaye, basi asiyesema si mtu, hutolewa nje ya ukuta akalale na punda. Makame alibakiza mwezi mmoja.

Mwanakheri akaenda kwa Maalim, akafukuzwa, akarudi, akafukuzwa, siku kumi na tisa. "Maalim, kifungue tena hicho kitabu, nakuomba, labda mlisoma vibaya, labda..." Siku ya ishirini Maalim akakifungua, apate kupumzika tu. Akaganda.

"Natiki," akasema. "Kwa Kiarabu neno hili ni kusema, na ni kufikiri pia. Sisi tulitafsiri nusu."

Lakini nani angethibitisha kwamba Makame anafikiri? Bi Mize. Miaka miwili Mwanakheri alipokuwa akitwanga majumbani mwa watu, mtoto alishinda kwa Bi Mize, wakatungiana lugha ya vidole. Mama alirudi hoi kila siku, hakupata kujifunza.

Siku ya baraza watu wakajaa. "Mfundisheni kulia kama punda basi!" mmoja akapayuka, wakacheka. Maalim akaeleza lile neno. Kadhi akamgeukia Bi Mize.

"Muulize: mkate mmoja, wenye njaa wawili, afanyeje?"

Vidole vikaenda, vikarudi. Bi Mize akafasiri: "Anauliza, kati ya hao wawili, mdogo ni nani?"



"Huyu ni mtu," Kadhi akasema. "Tena amezaliwa leo, mbele yetu. Na mtoto hukaa na aliyemzaa. Ni nani?"

Mwanakheri akajitupa mbele. "Mimi! Mimi, Bwana Kadhi, kwa uchungu wa siku mbili!"

"Ulizaa mwili. Nauliza mtu."

"Bila neno langu angekuwa zizini," akasema Maalim. "Sina mtoto. Nitamfundisha kuandika."

"Bila mikono yangu hilo neno lingekosa shahidi," akasema Bi Mize, akamgeukia Mwanakheri. "Niwie radhi, mwanangu, lakini akiumwa, utamuuliza kwa lugha gani?"

"Na bila miguu yangu kitabu kingefunguliwa na nani?" Mwanakheri akapasua sauti. "Nawe Bi Mize, miaka miwili yote ulikuwa ukizungumza na nini? Na mtungi, au na mtu niliyekuletea?"

Makame akamtazama mama yake, akachezesha vidole, haraka haraka.

"Anasemaje?" Mwanakheri akauliza. "Jamani, anasemaje?"

Wote wakamgeukia Bi Mize. Bi Mize akainamia mikono yake.

Kadhi yuko kitini, anangoja. Haya, wewe uliyekaa hapo: kiti kile kingekuwa chako, Makame angeondoka ameshikwa mkono na nani?